Magunia kumi ya mchele yamepima pungufu: napunjwa au imetokea tu?

MamaMchele_Mbagala

Habari za jioni wapendwa. Wa kuamkiwa, shikamooni.

Nina duka la mchele Mbagala, upande wa Kizuiani, huu mwaka wa saba. Mzigo nachukua Tandale kwa mzee mmoja ambaye nimefanya naye kazi karibu muda wote huo. Mwaka wa kwanza alinikopesha magunia manne wakati mtaji wangu haujafika hata laki tatu. Kwa hiyo mkiona nasitasita msidhani ni woga wa kudai haki yangu. Naogopa kumkosea mtu.

Jumanne nilipokea magunia kumi, mchele wa Mbarali, kila gunia nimeuziwa kama kilo 100 kwa 230,000. Kwa kawaida sipimi. Nahesabu, vijana wanapanga, basi. Safari hii mdogo wangu wa kiume alikuwepo, akaona salfeti moja imelegea juu. Akasema dada, hebu tulipandishe hili kwenye mzani. Likasoma 98.6. Akatoa simu palepale ampigie mzee. Nikamwambia weka simu, tupime yote.

Yalivyosoma, kwa mpangilio tuliopima: 98.6, 99.8, 100.2, 98.9, 99.1, 100.4, 98.3, 99.5, 99.9, 98.8. Uzito huo ni wa mchele mtupu, salfeti tulipima peke yake tukaitoa.

Jumla 993.5, yaani kilo sita na nusu hazipo. Kwa bei ya 2,300 kwa kilo ni shilingi 14,950. Mzigo kama huo nachukua kila wiki. Nimezidisha kwa wiki 52 nikapata 777,400. Hiyo ni kodi ya fremu yangu ya miezi mitano na inabaki.

Mdogo wangu anasema ni wizi wa wazi, manane kati ya kumi yako chini. Mzee nilimuuliza kwa upole, akanijibu: "Mama, mchele si msumari. Gunia moja litapungua, jingine litazidi, mwisho wa mwaka tunalingana." Na kweli mawili yamezidi.

Nimewahi kusikia kwamba kuna hesabu ya kupima kama tofauti ni ya kweli au imejitokea tu. Ipo? Na magunia kumi yanatosha kumhukumu mtu wa miaka saba? Niliishia kidato cha nne. Hesabu za duka nazijua vizuri, za darasani zimeshapotea, kwa hiyo nawaomba mnieleze taratibu.

DerevaKirikuu

Mama, hesabu wataleta wenyewe, mimi nakuletea ya barabarani. Nabeba mzigo Tandale siku sita kwa wiki. Gunia kabla halijakufikia wewe limechomwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea mchele wa ndani, na watu wangapi? Kila mnunuzi anayepita anataka aone mchele wa ndani, anachoma, anamimina kiganjani, anatafuna punje mbili, zinazobaki zinaishia chini au kwenye kopo la kijana. Bambo moja si kitu, lakini gunia lililokaa mbele ya duka wiki nzima limechomwa mara nyingi. Angalia salfeti zako kama zina matundu madogomadogo pembeni. La nyuma kabisa ya ghala huwa zima, la mbele limetobolewa kama chujio.

Simtetei mzee wako. Nasema tu mchele una njia nyingi za kupotea ambazo hazina mwizi mmoja.

Takwimu_MwakaWaPili

Shikamoo mama. Mimi nasoma takwimu, mwaka wa pili. Hesabu ipo, na ya kwanza unaweza kuifanya kwa sarafu bila kompyuta.

Chukulia mzee ni mkweli, kila gunia lina nafasi sawa ya kuwa juu au chini ya kilo 100. Hapo kila gunia ni kama kurusha sarafu. Sarafu kumi zina matokeo 1,024 yanayowezekana. Matokeo yanayotoa "juu" mara mbili au pungufu ni 1 + 10 + 45 = 56. Gawanya 56 kwa 1,024, unapata kama 5.5 katika kila 100.

Maana yake hata mtu mkweli kabisa angekuletea mzigo wenye manane au zaidi chini kwa karibu mara 1 katika 18. Ukihesabu na upande wa pili, yaani manane au zaidi yakiwa juu, inakuwa kama 11 katika 100. Kwa kawaida darasani tunataka chini ya 5 ndiyo tuseme kuna jambo. Kwa hiyo ningesema ushahidi wa mdogo wako hautoshi. Nipo tayari kusahihishwa.

MwalimuMstaafu_Temeke

Marahaba mama. Nilifundisha hisabati sekondari miaka mingi na swali lako limenifurahisha kuliko mitihani mingi niliyotunga.

Kijana wa takwimu amehesabu sawasawa, ila njia ya sarafu inatupilia mbali nusu ya ulichokusanya. Inaangalia juu au chini tu, haiangalii kiasi. Gunia la 99.9 na gunia la 98.3 kwake ni kitu kimoja, yote "chini". Wewe unajua si kitu kimoja. Tutumie kilo zenyewe.

Kwanza angalia maneno ya mzee wako. "Gunia moja litapungua, jingine litazidi, mwisho wa mwaka tunalingana." Wataalamu wangeandika jambo hilohilo kwa maneno mazito: nadharia tete kwamba wastani wa kweli ni kilo 100, na tofauti unazoziona ni kuyumba tu. Amekupa dai linalopimika, na ni dai la haki. Kazi yetu ni kuuliza: kama dai lake ni kweli, mzigo kama wako ungetokea kwa urahisi kiasi gani? Ukiwa unatokea kwa urahisi, hatuna la kumwambia. Ukiwa hautokei ila kwa nadra, dai linaanza kuyumba.

Wastani wako ni 99.35. Umepungua 0.65. Je, 0.65 ni nyingi? Inategemea magunia yenyewe yanayumba kiasi gani. Yangekuwa yote yamesoma kati ya 99.3 na 99.4, pungufu ya 0.65 ingekuwa inapiga kelele. Yangekuwa moja 92 na jingine 107, isingekuwa na maana yoyote. Kwa hiyo tunapima kuyumba. Chukua kila gunia, toa wastani, zidisha jibu kwa lenyewe, jumlisha yote kumi (nimepata 4.585), gawanya kwa 9, tafuta kipeuo cha pili. Inatoka 0.71. Huo ndio mchepuko wa gunia moja moja: gunia la kawaida linacheza kama gramu 700 huku na huku.

Lakini wastani wa magunia kumi hauchezi kama gunia moja, kwa sababu yaliyozidi na yaliyopungua yanafidiana, kama alivyosema mzee. Kiasi cha kufidiana tunakijua: gawanya 0.71 kwa kipeuo cha pili cha 10, ambacho ni 3.16. Unapata 0.226. Sasa 0.65 gawanya kwa 0.226 ni 2.88. Pungufu yako ni karibu mara tatu ya kuyumba kwa kawaida kwa wastani wa magunia kumi.

Jedwali la hesabu hii linasema kwa magunia kumi mpaka wa namba hiyo ni 2.262. Ukiuvuka, matokeo kama hayo yangetokea chini ya mara 5 katika 100 kwa mtu mkweli. Wewe umeuvuka. Kwa hesabu kamili ni kama mara 2 katika 100. Mwenye Excel aandike =T.DIST.2T(2.88,9) ataona 0.018.

Jedwali hilo lilianzia kwenye kazi ya kiwandani. William Sealy Gosset alikuwa mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin. Kazi yake ilimpa sampuli ndogondogo, na hesabu za wakati ule zilitaka sampuli kubwa. Mwaka 1908 akachapisha njia ya kushughulikia sampuli ndogo, na akatumia jina la Student kwa kuwa kiwanda hakikuruhusu wafanyakazi wachapishe kwa majina yao. Namtaja kwa sababu shida yake ilikuwa ya aina ya kwako: vitu vichache, fedha halisi, uamuzi wa kufanya.

Na huo mpaka wa 5 katika 100 usikutishe. Mwanatakwimu Ronald Fisher mwaka 1925 aliona mara 1 katika 20 ni mpaka unaofaa kutumika, watu wakauzoea. Hauna utakatifu wowote.

Sasa mama, naomba usome hapa polepole kuliko kote. Hiyo 2 katika 100 HAISEMI kwamba kuna asilimia 2 tu ya mzee kuwa mkweli. Inasema: kama wastani wa kweli ni kilo 100 NA mzani wako uko sawa NA magunia hayakuchaguliwa kwa upendeleo, basi namba kama hizi ni nadra. Hesabu imefukuza bahati peke yake. Haijui kuiba. Bambo la ndugu dereva bado limo ndani ya hiyo 0.65. Unyevu umo. Mzani umo.

Unyevu si jambo dogo. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 14 lina kilo 86 za mchele mkavu kabisa. Likikauka hadi asilimia 13, zile kilo 86 sasa ni asilimia 87 ya gunia, na gunia linapima kilo 98.85. Asilimia moja tu ya unyevu imekula zaidi ya kilo moja na hakuna aliyegusa.

Kwa hiyo nijibu haya. Yale magunia kumi ni mzigo mzima, au mliyachagua? Mzee aliyapima mwenyewe Tandale, au anauza kwa uzito ulioandikwa kutoka mashineni Mbarali? Na mzani wako, mara ya mwisho umepimwa lini?

MamaMchele_Mbagala

Mwalimu, shikamoo na ahsante sana. Nimesoma mara tatu, ya mwisho nikiwa na kalamu, nimepata 0.71 yako mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Sehemu ya kufidiana ndiyo imeniingia zaidi, kwa sababu nilikuwa nachukulia maneno ya mzee kama kunipaka mafuta kumbe yana hesabu ndani yake.

Majibu. Ni mzigo mzima, hatukuchagua. Mzee hapimi upya, gunia linashonwa mashineni kulekule na linauzwa kama lilivyoshonwa. Hilo nimelijua leo nilipomuuliza dereva aliyeleta. Matundu ya bambo yapo, magunia matatu yana mengi, yakiwemo lile la 98.3 na lile la 98.6.

Mzani ni wa dijitali, ule wa chini, nilinunua ukiwa mpya miaka minne iliyopita. Stika ya Vipimo ni ya mwaka juzi. Mwaka jana nilisafiri kumuuguza mama, sikufuatilia.

Kuna jambo sikuandika mwanzo. Mdogo wangu alimpigia mzee Jumatano usiku bila kuniambia. Sijui alisema nini chote ila neno "wizi" alilitamka, mke wa mzee ndiye kanieleza. Tangu siku hiyo mzee akiona simu yangu, anapokea mtoto wake. Ndiyo maana nataka kujua kwa uhakika. Kama amenipunja nitaondoka nikiwa na namba zangu. Kama hajanipunja nina deni kubwa.

FundiMizani_Gerezani

Dada, kabla hujaendelea na mwalimu, simama kwanza hapo kwenye mzani. Mzani wa dijitali wa chini unabebwa na kihisi kimoja au vinne kutegemea aina. Miaka minne ya kutupiwa magunia, lazima usogee. Na mzani unaotumika kuuzia unatakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, kwa hiyo stika ya mwaka juzi haikulindi wewe wala mteja wako.

Tafuta mawe ya mzani yaliyohakikiwa, ya kilo 20, matano. Usitumie dumbeli, wala ndoo ya maji, wala mfuko wa saruji. Washa mzani, uache dakika kumi, hakikisha umekaa sawa chini, weka mawe yote matano katikati, soma. Toa. Rudia mara tano. Ukisoma 100 kila mara, rudi kwa mwalimu. Usiposoma 100, tatizo la kwanza unalo ndani ya duka lako.

Takwimu_MwakaWaPili

Mwalimu, naomba kuuliza. Kwa kuwa mama anaogopa kupungukiwa tu, si kuzidishiwa, kwa nini tusipime upande mmoja? Ile 0.018 ingekuwa nusu yake.

MwalimuMstaafu_Temeke

Ungeruhusiwa kama mngekubaliana hivyo kabla ya kuona gunia hata moja. Hapa shaka ilianza baada ya salfeti iliyolegea kuonekana. Ukichagua upande baada ya kuona namba zimeelekea wapi, unajipunguzia mtihani ukiwa tayari umeshaona majibu. Na hata hiyo salfeti iliyolegea ina shida yake: ndiyo iliyozaa shaka na ndiyo hiyohiyo imeingizwa kwenye ushahidi. Ndiyo sababu mzigo ujao una thamani kuliko huu.

MamaMchele_Mbagala

Nimepata mawe. Jirani yangu muuza chuma chakavu anayo yaliyohakikiwa mwaka huu, kaniazima hadi kesho jioni.

Mawe matano katikati. Mara ya kwanza 99.6. Ya pili 99.6. Ya tatu 99.5. Ya nne 99.6, ya tano 99.7. Wastani 99.6.

Nilikaa chini kwenye gunia nikaangalia ile namba muda mrefu. Mzani wangu mwenyewe unakula gramu 400 kwenye kila kilo 100. Yaani katika ile 0.65 niliyomtwisha mzee, 0.4 ni yangu.

Halafu nikakumbuka jingine. Mama lishe wanaochukua kilo 25 nawapimia kwenye mzani huuhuu. Ukisoma 25, kilichomo ni 25 na gramu 100. Kwa wiki natoa kama kilo 400 kwa njia hiyo, kwa hiyo kilo moja na gramu 600 zinatoka bure kila wiki, na sijui tangu lini. Mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni, hakusema neno.

Mwalimu, sasa hesabu inakuwaje? Mzee ametoka hatiani?

MwalimuMstaafu_Temeke

Mama, umefanya jambo ambalo watu wazima wengi hawafanyi: umekagua kipimo chako baada ya kupata jibu lililokuwa linakupendelea. Pole kwa hizo kilo.

Tukirudisha 0.4 kwa kila gunia, wastani unakuwa 99.75. Pungufu iliyobaki ni 0.25. Kuyumba ni kulekule, 0.226. Gawanya: 1.11. Mpaka ni 2.262, hatujaufikia hata nusu. Mzigo kama huo ungetokea kama mara 30 katika 100 kwa muuzaji mkweli kabisa. Kwa namba hizi hakuna mtu anayeweza kusimama mbele ya mzee wako akasema umepunja.

Ila umeuliza kama ametoka, na hapo lazima niwe mkweli kwako pia. Hatujathibitisha kwamba gunia lake ni kilo 100. Tumeshindwa kuonyesha kwamba si kilo 100, na magunia kumi yana macho hafifu. Mwaka 1933 wanatakwimu Jerzy Neyman na Egon Pearson walilipanga jambo hili vizuri: kuna kosa la kumtia hatiani asiye na hatia, na kuna kosa la kumwachia mwenye hatia, na ukilibana moja bila kuongeza sampuli, jingine linatanuka. Mdogo wako Jumatano usiku alifanya la kwanza. Sitaki wewe ufanye la pili kwa furaha ya leo.

Tuseme kweli kuna robo kilo inayokosekana kila gunia. Kwa bei yako ni shilingi 575 kwa gunia, 5,750 kwa wiki, 299,000 kwa mwaka. Hiyo fedha wewe unaijali? Nadhani ndiyo. Basi kuikamata robo kilo hiyo mara 80 katika 100, huku magunia yakiyumba gramu 700, unahitaji kama magunia 65. Hiyo ni wiki saba za mizigo yako. Andika leo kwenye daftari, kabla ya gunia la kwanza: nitapima 65, yote yanayoingia, mzani uliohakikiwa, nitahesabu mara moja tu mwishoni. Usihesabu kila Jumanne ukasimama siku jibu linapokupendeza, maana ukichungulia mara saba, bahati mbaya inapata nafasi saba za kukudanganya.

Mzee mweleze mpango wote. Akitaka kusimama pale wakati wa kupima, asimame.

DerevaKirikuu

Na magunia yaliyotobolewa na bambo yaandike pembeni mama. Mwisho wa wiki saba utajua kama ndiyo yanayopungua. Ukitaka mzigo wa nyuma ya ghala nitakuchagulia mwenyewe.

MwalimuMstaafu_Temeke

Ndugu dereva, wazo la kuyaandika pembeni ni zuri mno. La kuchagua ya nyuma ya ghala lisubiri hadi kupima kuishe, vinginevyo tutakuwa tumepima uchaguzi wako na si magunia ya mzee.

FundiMizani_Gerezani

Dada, mawe usiyarudishe bado. Umepima katikati tu. Gunia la kilo 100 vijana hawaliweki katikati, wanalitupa linapoangukia. Weka mawe yote matano kwenye pembe, moja baada ya nyingine, uandike.

MamaMchele_Mbagala

Nimerudi. Fundi, Mungu akubariki.

Pembe mbili za ukutani: 99.6 na 99.7. Pembe ya kulia mbele: 99.4. Pembe ya kushoto, ya upande wa mlangoni: 98.9. Nimerudia mara tatu, 98.9, 98.9, 98.8.

Hiyo pembe ya mlangoni ndiyo vijana wanayotupia gunia wakitoka kwenye kirikuu.

MwalimuMstaafu_Temeke

Basi mama, ule mpango wa magunia 65 tuuweke kando kidogo, na hata ile 1.11 yangu niiondoe mezani. Nilirudisha 0.4 kwa kila gunia kana kwamba yote yalikaa katikati. Yaliyokaa pembe ya mlangoni yalistahili kurudishiwa kilo nzima na zaidi, na hatujui ni yapi. Zile namba kumi za Jumanne hazina kazi tena kwa mzee wala dhidi ya mzee.

Ila kuna habari njema ndani yake. Nilidhani gramu 700 za kuyumba ni za magunia. Sasa inaelekea sehemu kubwa ni ya mzani, kutegemea gunia limeangukia wapi. Ukitengenezwa na kuyumba kukashuka hadi nusu, hutahitaji magunia 65. Idadi inafuata mraba wa kuyumba: nusu ya kuyumba ni robo ya magunia. Kumi na sita, kumi na saba. Wiki mbili tu.

FundiMizani_Gerezani

Kihisi cha pembe hiyo kimechoka au mguu wake umeota kutu. Usiupimie mtu tena. Nije Jumatatu asubuhi, nikimaliza uwaite Vipimo wauhakiki ndipo uuzie.

MamaMchele_Mbagala

Jumatatu saa mbili nitakuwa nimefungua. Nimeuzima na nimeuegemeza ukutani, mama lishe wa leo nimewapimia kilo tanotano kwenye mzani mdogo wa mezani, wamevumilia.

Kesho ni Jumapili, Tandale wanafungua nusu siku. Naenda na mdogo wangu. Nimemwambia yeye ndiye atakayeanza kuzungumza, na daftari lenye namba za mawe atalishika yeye.